Siku Kuku Walipogeuka Buluu

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Sokoni sote tulimwita Chapuchapu, na hata mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda nje ya lango la soko, alikuwa akijisahau na kumwita hivyohivyo mbele ya wageni. Mimi huuza mayai. Meza yangu inatazamana na yake, na nimemwona mwanamke huyu mara nyingi kuliko nilivyowaona ndugu zangu wa kuzaliwa nao. Mengi ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinieleza mwenyewe, maana si mtu wa kuficha jambo.

Jina alilipata kwa kazi ya mikono yake. Mteja akishanyoosha kidole kuchagua kuku kwenye tenga, basi ameshamaliza. Kuku atachinjwa, atachovywa kwenye pipa la maji moto, atanyonyolewa, atapasuliwa, atasuuzwa kwenye beseni na kukatwa vipande juu ya gogo, na mteja bado anahangaika kufungua pochi. Muda wote huo Chapuchapu anapiga soga, anauliza habari za watoto, anamtania mwenye mboga. Wapo waliokuja kutoka mitaa ya mbali, wakapita wauza kuku wengine wote bila hata kuwaangalia, ili wahudumiwe na yeye.

Beseni lake lilijazwa maji asubuhi, na maji hayo yalifanya kazi hadi mchana. Kuku wa kwanza alisuuzwa humo, na wa mwisho humohumo, wakati maji yameshageuka rangi ya chai ya jana. Kitambaa kimoja kilifuta kisu, kikafuta mizani, kikafuta mikono, na jasho likizidi kikapita usoni. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu upande mzima wa kuku ulifanya kazi hivyo. Bomba la soko lilikuwa moja, kule mwisho kwenye mboga, na kwenda na ndoo mpaka kule kwa ajili ya kuku mmoja ilikuwa ni kumwachia jirani mteja wako.

Sasa, binti yake mkubwa, mwalimu wa chekechea, alichumbiwa. Wazazi wa kijana na shangazi yake wakaalikwa chakula cha mchana, na Chapuchapu akasema hakuna mtu mwingine atakayegusa chungu siku hiyo. Alichagua jogoo mnene, akamchinja mwenyewe, akampeleka nyumbani. Jiko lao ni chumba chembamba chenye dirisha moja na ubao mmoja wa kukatia. Akamkata jogoo juu ya ubao, akaumwagia ubao maji kidogo, kisha akakatia hapohapo matango, nyanya na mapapai. Kuku aliiva mpaka nyama ikaachana na mfupa. Wakwe wakala, wakasifu, wakaondoka wameshika matumbo kwa shibe.

Walipoyashika tena haikuwa kwa shibe. Simu ilipigwa na shangazi wa kijana.

"Dada, huku kwetu hakuna aliyesimama," alisema. "Kaka yangu yuko hospitali, amewekewa dripu. Naomba uniambie mlitulisha nini."

Na Chapuchapu mwenyewe alikuwa amejikunja kitandani, na mumewe alikuwa chooni kwa muda ambao mtu mzima hapaswi kukaa huko. Alipopata nguvu kidogo alijikokota hadi hospitali. Daktari aliyekuwa zamu, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alikuwa ameshapata majibu ya maabara.

"Mlikula kuku?" akauliza.

"Tulikula. Lakini wangu si wa kulala, daktari. Nilimchinja siku hiyohiyo kwa mkono wangu."

"Naamini. Bakteria tuliowapata hukaa kwenye utumbo wa kuku. Kuku mwenyewe haugui, anatembea nao vizuri tu. Ukimpasua ndipo wanapotoka."

"Nimempika mpaka mifupa ikaachia."

"Moto uliwaua waliokuwa kwenye chungu," daktari akasema. "Saladi ulikatia wapi?"

Chapuchapu anasema hapo aliuona ule ubao kana kwamba umewekwa mbele yake, na maji mekundu yakichuruzika pembeni. Hakubishana tena. Alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha mkwe wake, dereva mstaafu wa malori, akasimama miguuni pake.

"Mkwe, aliyekuleta hapa ni mimi. Hakuna sumu wala mkono wa mtu. Nilikatia matunda juu ya ubao wa kuku mbichi, na sikujua."

Yule mzee alijiinua kwenye mto. "Mimi nilidhani ni ulafi wangu," akasema. "Niliongeza, nikaongeza tena, mke wangu ananikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema haya, nimeadhibiwa." Akaanza kucheka mpaka muuguzi akaja kushika mpira wa dripu usichomoke. Wakwe walipona wote, na habari ya kuvunja uchumba haikutajwa kamwe.

Yangeishia hapo kwa mtu mwingine. Chapuchapu alirudi kazini, akawa ananyonyoa kimya, na sisi tuliozoea kelele zake tukajua kuna kitu. Siku moja akanivukia hadi mezani.

"Mayai," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "kuku mmoja ameangusha nyumba mbili. Mimi nauza wangapi kwa siku? Huko wanakokwenda, nani ananipigia simu?"

Yeye aliondoka na aproni yake mwilini, akaenda ofisi ya afya, akaomba waje kulipima soko letu. Mpaka leo sijawahi kusikia mfanyabiashara mwingine aliyefanya hivyo.

Aliyekuja alikuwa Bibi Afya, mama mfupi mwenye miwani na mabuti ya mvua, amebeba boksi la barafu na vijiti vyenye pamba. Wauza kuku walipomwona walianza kufunika meza zao kwa maturubai. Mwenyekiti wao, baba mmoja mpana kama kabati, mwenye ndevu nyeupe alizozitunza kama bustani ya tajiri, akamzuia njiani.

"Babu yangu aliuza kuku. Baba yangu aliuza kuku. Watu wamekula na wamezaa watoto," akasema huku akipapasa ndevu. "Hao bakteria wako walikuwa wapi?"

"Walikuwepo," Bibi Afya akamjibu. "Watu waliugua wakasema ni maji, wengine wakasema ni jirani mwenye husuda. Hakuna aliyemshuku kuku."

"Wewe unataka kutufungia."

"Ningetaka kuwafungia ningekuja na kufuli. Nimekuja na pamba."

Watu wakaguna. Chapuchapu akasogea mbele. "Anza na meza yangu," akasema. "Pima kila kitu, hata kitambaa."

Bibi Afya akapima. Wale wengine waliona aibu kukataa mbele ya wateja, mmoja baada ya mwingine wakafunua maturubai. Majibu yalipotoka yalikuwa mabaya kwa kila mtu, na mabaya kuliko yote yalikuwa ya Chapuchapu. Kwa nini? Kwa sababu ndiye aliyeuza zaidi. Kuku wengi zaidi walikuwa wamepita kwenye beseni lake, na kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake zawadi. Gogo lilikuwa na bakteria. Mizani ilikuwa nao. Kitambaa, Bibi Afya alisema, angeomba kwa heshima kichomwe moto.

Habari zilitoka nje ya soko kabla wino wa majibu haujakauka. Wateja wakaanza kukwepa upande wetu kama mtu anayemkwepa anayemdai. Hata mayai yangu yalikaa. Wauza kuku hawakumlaumu Bibi Afya, walimlaumu mwenzao. Salamu zake zikawa haziitikiwi. Asubuhi moja alikuta meza yake imemwagiwa manyoya na matumbo. Aliyasafisha bila kuuliza ni nani, ila nilimwona anavyouma midomo.

Alianza kubadilisha mambo. Gogo alilitupa, akanunua mbao za plastiki, moja ya nyama na nyingine ya matumbo. Matenga ya kuku hai aliyahamishia nyuma kabisa, mbali na meza ya kuuzia. Mumewe alimshonea aproni za plastiki zinazosuguliwa kwa sabuni. Wifi yake, dada mdogo wa fundi, akaja kusimama mbele: huyo ndiye aliyepokea pesa na kufunga mifuko, ili mkono ulioshika kuku mbichi usishike kitu kingine. Beseni likaondoka. Kila kuku alisuuzwa kwa maji yake mwenyewe, na maji hayo Chapuchapu aliyabeba kwa ndoo kutoka bomba la mboga, anakwenda na kurudi mpaka mabega yakamvimba.

Bila shaka alichelewa. Wateja wachache waliobaki walisimama, wakahema, wakaangalia saa. "Umekuwa Polepole siku hizi," mmoja alimwambia, na meza za jirani zikacheka kwa sauti.

"Ngoja kidogo, mama," akajibu. "Huyu nataka akufikishe kesho ukiwa mzima."

Lakini kilichomuuma kilikuwa kingine. Meza za kuku zimebanana, jirani akimwaga beseni lake maji yanakurukia. Angeweza kusugua kwake mpaka pang'ae, na bado uchafu ungemfuata kutoka pembeni. Ama wabadilike wote, ama yeye ajichoshe bure.

Bibi Afya alijaribu kwa njia yake. Aliita kikao, akabandika picha za bakteria ukutani, akaeleza kila kitu, na kila neno lake lilikuwa kweli. Nusu ya watu walisinzia. Kikao kilipokwisha alibaki anakunja picha zake, Chapuchapu akimsaidia.

"Shida yangu ni moja," Bibi Afya akasema. "Nawaambia kuhusu kitu ambacho hawakioni. Tulipokuwa chuoni walitupaka unga mikononi, tukapeana salamu, tukaona unga ulivyosambaa. Lakini unga kwenye maji hauonekani."

"Rangi je?" Chapuchapu akauliza. "Ile ya keki. Ile inayoliwa."

Wakatazamana. Mwoka keki alikuwa na duka ng'ambo ya barabara, na kuku hana rangi ya buluu popote mwilini mwake.

Walimfuata Mwenyekiti pamoja, wakamweleza wazi. Wangepaka rangi kuku mmoja tu, kisha wauzaji wafanye kazi kama kila siku, bila kubadilisha lolote. Kuku wote watakaotumika, ofisi ya afya itawanunua.

Mwenyekiti alitabasamu. "Na ikionekana hakuna kitu?"

"Sitarudi hapa na boksi langu," Bibi Afya akasema.

"Na mimi nitarudisha beseni," Chapuchapu akaongeza.

Kwa maneno hayo Mwenyekiti alikubali hata kuku awe wake.

Asubuhi ya siku hiyo soko lote lilijua. Mwenyekiti alichinja, akanyonyoa, akapasua. Bibi Afya akavaa glovu, akaingiza mkono tumboni mwa yule kuku na kupaka rangi kwa ndani, akamrudishia. "Huyu ndiye mwenye bakteria," akatangaza. "Wengine wote tuseme ni wazima. Haya, endeleeni na kazi."

Wakaendelea. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Mwenyekiti alimsuuza yule kuku kwenye beseni na maji yakabadilika kidogo tu, yakawa kama anga la asubuhi. Akamkatakata juu ya gogo. Akafuta mikono, akachukua mwingine, akasuuza, akakata. Jirani yake, ambaye siku zote huazima beseni lake, akaleta wa kwake. Mizani ikapita kutoka meza hii hadi ile. Mtu akaomba kisu. Mwingine akaomba chenji. Mhudumu wa mkahawa akapita na chai, vikombe vikachukuliwa na kurudishwa.

Nilianza kuiona rangi nilipotazama chini kwenye trei yangu. Juu ya yai moja jeupe palikuwa na alama ya kidole gumba, ya buluu, imekaa vizuri kama muhuri wa posta. Sikuwa nimemgusa kuku yeyote. Nilikuwa nimempa mtu chenji.

Nikainua macho. Ilikuwa kwenye mishikio ya visu. Ilikuwa kwenye kamba za matenga, kwenye noti, kwenye simu, kwenye sikio la aliyekuwa ameongea na simu. Kuku waliotundikwa meza ya mwisho kabisa walikuwa na madoa chini ya mabawa, na mwenye meza hiyo alikuwa anaapa kwamba hajasogea pale alipo tangu asubuhi. Kicheko kilikuwa kinafifia meza moja baada ya nyingine, kila mtu akigeuza viganja vyake na kuvitazama. Mahali pamoja tu ndipo hapakuwa na buluu, ukiacha matone yaliyorukia ukingoni kutoka kwa jirani, napo ni kwa Chapuchapu, aliyekuwa akinyonyoa kuku wake taratibu na wifi yake akifunga mifuko.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Alisimama katikati, mikono kiunoni. "Sasa iko wapi hiyo rangi yenu?" akauliza, na alipouliza akapapasa ndevu, kama alivyokuwa amezipapasa asubuhi nzima.

Mhudumu wa mkahawa akamgeuzia ile sinia yake ya chai, inayong'aa kama kioo. Mwenyekiti akajitazama. Ndevu zake zote, kuanzia kidevuni hadi masikioni, zilikuwa buluu. Akaangalia kikombe alichonywea, akaona alama ya mdomo wake ukingoni.

Alikiinamisha kikombe, akachungulia ndani.

"Na chai nimeimaliza," akasema hatimaye.

Mwenye mboga ndiye aliyeanza kucheka, kisha soko lote, na kisha Mwenyekiti mwenyewe, mabega yakimtikisika, machozi yakipita kwenye ule ubuluu. Alipotulia alitembea hadi meza ya Chapuchapu, watu wakampisha.

"Haya, mama," akasema. "Nionyeshe unavyoanza."

Basi akamwonyesha, na wengine wakaja kusimama nyuma yao. Walisimama wakisikiliza kama watu wanaofundishwa njia ya kutoka msituni. Mwisho wa somo lile kila mtu alikuwa na swali lilelile, maji yatoke wapi. Mwenyekiti akavua kofia, akasema maji yatatoka ofisini, twendeni.

Walikwenda wote, na sisi wa mayai na mboga tukajiunga nyuma na ndoo tupu. Mkuu wa soko alitoka akiwa na kalamu sikioni, akasema bajeti ya mabomba ni ya mwakani.

"Sawa," Mwenyekiti akasema, ndevu zake zikiwaka juani. "Nitakuja kukusalimu hapa kila asubuhi mpaka mwakani ifike. Ndevu hizi sizioshi kwa maji ya beseni." Akanyoosha mkono. Mkuu wa soko akaupokea kwa mazoea, kisha akautazama mkono wake mwenyewe.

Mwakani ilifika mapema sana mwaka ule. Mafundi bomba walichimba mtaro kukatiza upande wa kuku, kila meza ikapata mfereji wake na mahali pa maji machafu kushukia. Chumba cha kuchinjia kilijengwa nyuma, kikatengwa kwa ukuta, na wauzaji wenyewe ndio waliobeba matofali na mchanga. Chapuchapu alichanganya saruji akiimba, kelele zake zimemrudia zote. Wale waliokuwa hawamwitikii salamu walikuwa wakimwita kutoka pande zote aje aone kama meza zao zimekaa sawa, na yule aliyemmwagia manyoya mezani alikwenda mwenyewe kukiri. "Nilikuwa nimeshakujua," Chapuchapu akamjibu. "Manyoya yale yalikuwa ya bata, na bata unauza wewe peke yako. Shika huko, tuinue hili jiwe."

Bibi Afya hakutangaza alipokuja kupima tena. Aliingia na boksi lake soko likiwa limechangamka, akapitisha pamba kwenye kila meza, kila kisu, kila ubao, akaondoka. Tulipoitwa kusikia majibu nilifunga mayai yangu mapema, na sikuwa peke yangu. Njia ilijaa mpaka wateja wakakosa pa kupita, nao wakasimama kusikiliza.

"Meza, safi," akasoma. "Mizani, safi. Visu, safi. Mbao, safi zote isipokuwa moja, na mwenyewe nitaongea naye pembeni." Akavua miwani. "Nisiwadanganye. Kuku wachache bado wamekutwa na bakteria, kwa sababu wanazaliwa na kukua nao. Kuku mbichi ni wa kupikwa mpaka aive, na hiyo ni kazi ya mwenye jiko. Lakini hapa sokoni kuku mmoja hachafui tena wenzake. Nimepima masoko mengi. Majibu kama haya sijawahi kuyasoma."

Nilimtazama Chapuchapu. Alikuwa amesimama na wifi yake, mikono imelegea pembeni, mikono ile ambayo sikuwahi kuiona bila kazi. Mumewe alikuwa ameacha cherehani, amekuja na futi shingoni, na alikuwa analia waziwazi bila kujali. Yeye hakulia. Alivuta pumzi ndefu akainua uso juu, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameubeba njia nzima. Watu wakampigia makofi, na mwenye mboga akapiga sufuria kwa mwiko.

Mwenyekiti alipanda juu ya kreti. "Kiti hiki nimekikalia mpaka kimechoka," akasema. "Anayepinga huyu mama kukikalia, ainue mkono."

Mikono yote ilibaki chini, na ilikuwa safi.

Tangu hapo upande wetu haujui utulivu. Wateja wamerudi na wamekuja wengine, na Chapuchapu, Mwenyekiti wetu mpya, hamwachi mtu aondoke na kuku bila kumwambia asimwoshe kwenye sinki na kurusha maji jikoni kote, amtie moja kwa moja chunguni, na matunda ayakatie kwingine. Juzi wauza kuku wa soko jingine, ng'ambo ya mji, walikodi basi wakaja kumtazama akifanya kazi. Waliuliza maswali mpaka jua likageuka, na walipokuwa wanaaga, mama mmoja mzee kati yao alimshika mkono, akamwomba aende kwao Jumatatu awaonyeshe na wenzao waliobaki.

"Nitakuja," Chapuchapu akasema. "Mwambieni mwenyekiti wenu asinyoe ndevu."